Siku yangu na inkubeta za mbao hapa Malindi

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai, kabla ya simu, nishaingia chumba cha mashine, maana saa hizi ndo baridi kidogo inashuka Malindi na ndo nataka nijue inkubeta, hii mashine ya kutotolesha mayai, imeshikaje joto usiku kucha. Iko nyuzi 38.7 za selsiasi, kipimajoto kikiwa usawa wa mgongo wa mayai. Stima ilipotea usiku hata sikushtuka, hii haina habari na stima, ni taa ya mafuta ubavuni na tangi la maji juu ya mayai basi. Maji yale yakishapata moto hayapoi upesi, na ubao hauachii joto ovyo.

Hii ni ya aina ya Hearson wa London, ile yenye kapsuli ya 1881, kibati kinachoongoza joto chenyewe, na naipenda kwa sababu aliyeiunda alimtazama kuku kwanza. Kuku akiatamia joto linatoka juu, chini kuna udongo wenye unyevu. Na hapa ni hivyo hivyo, tangi la maji moto juu, droo ya mayai katikati, chini yake sinia la maji na kitambaa kibichi. Kwa hewa ya pwani lakini sinia silijazi wiki za mwanzo, hewa yetu yenyewe ishalowa, na yai lazima lipoteze maji kiasi, kama asilimia 12 au 13 ya uzito wake mpaka siku ya 18, la sivyo kifaranga kinakosa nafasi ya hewa kule kwenye kichwa cha yai, ule upande mnene, na kinafia ndani kimekamilika kabisa. Inauma sana kuona hivyo.

Saa 12 nageuza mayai, nikimaliza ndo nashika taa. Ni lazima yaanze mayai, kwa sababu ganda lina vitundu ambavyo macho hayavioni na mkono wenye mafuta ya taa unatosha kuua. Nageuza mara 3, siku nyingine 5, iwe witiri, isigawike kwa mbili, ili ubavu uliolalia usiku wa jana usiwe huo huo wa leo. Utambi nao siukati kwa mkasi, nafuta ile kaa ya juu kwa kitambaa kikavu na nazilegeza kona mbili ziwe duara, kona ikisimama moto unatoa pembe, pembe inatoa moshi, masizi yanajaa kwenye bomba na joto linaanza kuyumba.

Mahamri na mbaazi pale kwa jirani, fasta.

Kuanzia saa 3 niko karakana na mashine ya pili, hii imekuja na lori kutoka bara, ilikuwa stoo ya shamba la zamani imewekewa magunia juu. Ubao wa chini umebunguliwa wote, nimeung'oa na nimeweka kipande cha mvule nilichopata kwa mafundi wa vitanda. Rangi ya zamani naisugua kwa msasa wa maji, sio mkavu, rangi za miaka ile nyingi zina risasi, ile madini yenye sumu, na vumbi lake si la kuvuta. Na mwingine akifungua kuta akakuta kitu cheupe chenye nyuzinyuzi aache hapo hapo, kuna mashine za zamani zilijazwa asbesto, na nyuzi zake zinaharibu mapafu. Hii yangu ilikuwa na unga wa mbao tu, ushakuwa tope, nimeutoa na nitaweka blanketi kuukuu la sufu la mitumba, sufu haishiki moto upesi. Sufi ya mti ni rahisi kupata huku lakini karibu na taa siitaki hata kidogo.

Kazi niliyokuwa naiogopa ni kapsuli. Ni vibati viwili vyembamba vya shaba nyeupe, mraba, vimelehemiwa kingo, ndani mna matone ya etha, kimiminika kinachogeuka mvuke upesi. Joto likifika mahali pake etha inageuka mvuke, kapsuli inatuna, inasukuma kijiti, kijiti kinanyanyua mkono wa juu na kifuniko cha bomba la taa kinafunguka, moto unatoka nje badala ya kuingia kwenye tangi. Likipoa kinajifunga. Hakuna waya, hakuna betri, ni hicho kibati tu. Sasa kikitoboka ndo basi. Nikachemsha maji, nikayapoza mpaka kidole kinavumilia kwa shida, nikaidumbukiza na kibanio huku naangalia kama kuna mapovu. Hakuna hata moja, na polepole ubavu ukaanza kuvimba, nikaitoa ukarudi bapa, nikairudisha ukavimba tena. Wallahi nilicheka peke yangu. Tangi ndo linavuja kwenye mshono, hilo nimempelekea fundi wa bati, alehemu kisha tulijaze maji lilale usiku mzima juu ya gazeti kavu.

Saa 8 mama mmoja wa Ganda akashuka kwenye boda na ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea mayai ya kanga, kayaficha kichakani, hata sijui ya lini. Nitilie na hayo ya kuku."

Nikayapeleka gizani nikayamulika kwa simu. Matatu yashaanza kufanya mishipa, maana yake kanga alishayalalia.

"Mama haya hayawezi kungoja, na kwangu kuna ya kuku. Kuku siku 21, kanga anafika 26 mpaka 28. Haya ya kuku yakikaribia kutotoa ntazidisha unyevu, na hayo yako wakati huo yatakuwa bado yanahitaji kugeuzwa. Jirani hana koo aliyelalia?"

"Yuko wa shemeji."

"Mpe yeye leo leo, yatilie usiku huu, atayapokea."

Akaenda. Sikumtoza kitu, kuku anayeatamia hapitwi na mashine yoyote, hata hii yangu.

Alasiri nimehangaika na droo. Ubao ukinywa unyevu wa bahari unavimba na droo inakwama, na ukiivuta kwa nguvu mayai yote yanatikisika, so nimepiga randa kidogo sana kwenye reli na kupaka nta ya nyuki. Vanishi nimepaka nje peke yake, ndani siweki kitu chenye harufu.

Baada ya magharibi, siku ya 7 ya mayai yangu, namulika. Taa nazima zote, namulika kwenye kichwa cha yai: lililo hai lina doti jeusi linalocheza na mishipa imetawanyika kama miguu ya buibui, lisilo na mbegu liko jeupe tupu, na lililokufa lina duara la damu. Ya aina hizo mbili za mwisho natoa, yakibaki yanaoza na viza likipasuka ndani linachafua droo nzima.

Saa 3 usiku nimegeuza mara ya mwisho, nimejaza mafuta, nimeshusha utambi nusu maana leo usiku una joto. Tangi la mashine ya pili narudi kwa fundi kesho asubuhi, ila chemni yake, kile kioo cha taa, ilikuja imepasuka na za dukani siku hizi ni nene hazikai kwenye kichwa cha taa, kwa hiyo mwenye kujua penye chemni nyembamba za zamani, iwe Malindi, Mambrui ama Mombasa, aniambie, nalipa na nauli.