Viazi vilioza Ruaha Mbuyuni

Februari 2020 nilipakia gunia 80 za viazi mviringo pale Isongole, wilayani Rungwe, kwenda Dar es Salaam. Mvua za msimu ule zilikuwa za kupita kiasi. Viazi vilichimbwa kwenye tope, na vingi ngozi ilikuwa haijakomaa; ukikisugua kwa dole gumba inabambuka. Niliona kwa macho yangu. Lakini bei ya soko la Mabibo, Dar es Salaam, ilikuwa juu, na dalali alikuwa hanipi nafasi ya kupumua: "Mama, leta mzigo. Mama, umefikia wapi?" Nikapakia.

Fuso ilishuka mlima Kitonga salama, ilipofika Ruaha Mbuyuni difu ikavunjika. Anayeijua njia ile anajua kwamba ukitoka na baridi ya Rungwe ukatua kwenye bonde lile, ni kama mtu amekufungulia mlango wa tanuri. Dereva alisubiri kifaa siku tatu. Juu jua, chini ya turubai viazi vilivyoloa vinachemka. Siku ya nne akanipigia, sauti ya chini: "Mama, gari linavuja maji." Nikamuuliza kama ni rejeta. Akanyamaza kidogo, akasema ni ya viazi.

Gunia zilizofaa kuuzwa zilikuwa 23. Dalali alinitumia fedha za gunia tisa, akasema nyingine kesho. Kesho yake namba ilikuwa haipatikani, na haijapatikana hadi leo.

Mzigo ule pamoja na nauli ya gari ulikuwa umekula karibu milioni 6. Zangu zilikuwa milioni mbili na nusu. Milioni mbili nilikopa kwenye kikundi chetu cha akina mama. Zilizobaki nilichukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, sehemu mbili, laki saba saba, kila moja irudi laki tisa na elfu kumi ndani ya mwezi. Huko niliandikisha friji na makochi kama dhamana. Baba watoto alikuwa anajua habari za kikundi tu.

Sasa nieleze nilivyomtafuta Mungu, na hapa najisema mwenyewe. Mimi ni Mmoravian wa kuzaliwa. Kanisa letu lipo Rungwe tangu 1891, na bibi yangu aliimba kwenye benchi lile lile ninalokaa Jumapili. Baada ya viazi kuoza, benchi likanishinda. Nikaanza kupanda gari kila Ijumaa kwenda mkesha Mbeya mjini. Nilinunua maji, nikanunua mafuta, nikapaka kizingiti cha mlango na kifuniko cha daftari la madeni. Usiku mmoja mtumishi akasema kuna watu saba mle ndani wamefungwa na deni, wapande mbegu ya elfu hamsini, na kabla ya siku saba kuisha mlango utafunguka. Nilikuwa na 53,000 kwenye mkoba, na zilikuwa marejesho ya Jumatatu. Nikapeleka 50,000 madhabahuni, nikabaki na nauli.

Simlaumu yule mtumishi sana. Hakunifuata nyumbani. Mimi ndiye niliyekwenda sokoni kumnunua Mungu kwa bei ya jumla.

Siku ya nane aliyepiga simu alikuwa binti anayekusanya marejesho ya mkopo.

Hata vitu vya kwetu nilivigeuza. Sisi Wamoravian tuna desturi ya neno la kila siku, lililoanza kuchapishwa kitabu huko Herrnhut, Ujerumani, kwa mwaka 1731. Mistari ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, tena miaka kadhaa kabla. Mimi nilikuwa nakifungua kitabu alfajiri kama mtu anayepiga ramli: likija neno la baraka, nawasha simu, likija la kuonya, naiacha imezimwa hadi mchana ili wadai wasinipate.

Siku moja nikamwendea mama mchungaji wetu. Nilitaka aniwekee mikono, basi, niondoke. Nikamkuta uani anachambua maharage. Akanisogezea kigoda na ungo wa pili, tukaanza kutoa mawe. Muda mrefu hakuuliza kitu. Kisha akasema, "Mwanangu, huwa unamwambia nini Mungu?"

Nikamwambia ninaomba anilipie deni.

"Hilo ndilo unalomwomba. Mimi nimeuliza unamwambia nini."

Nikakosa jibu. Akamwita mjukuu alete Biblia, akaniambia nisome Zaburi 88 kwa sauti. Nikasoma nikingoja ile sehemu ambayo mtunga zaburi huwa anageuka na kuanza kushukuru, maana zaburi nyingi za kilio huwa zinafika hapo. Zaburi ya 13, kwa mfano, inaanza na "Hata lini utanisahau" na kumalizika kwa kuimba. Hii ya 88 haikugeuka. Iliishia gizani. Nikafunua ukurasa wa pili nikidhani karatasi zimeshikana. Mama mchungaji akacheka.

"Na hiyo nayo ni maombi," akasema. "Imo humo humo ndani ya Biblia." Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Kabla sijaondoka nikamwambia mstari wangu, ule ninaoushikilia, Yeremia 29:11, wa mawazo ya amani wala si ya mabaya. Karibu kila daladala ya Mbeya imeuandika. Akaniambia nikautafute mstari wa tano na wa kumi kwanza. Nilisoma usiku ule. Ile ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na wameambiwa watakaa huko miaka 70. Wameambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Ndipo baadaye, mstari wa 13, inakuja ahadi kwamba watamtafuta na kumwona, watakapomtafuta kwa moyo wao wote. Miaka yote nilikuwa nimeuchomoa mstari mmoja kutoka kwenye barua ya watu wengine na kuusoma kama ujumbe wa muamala.

Alfajiri iliyofuata nilikaa jikoni kabla watoto hawajaamka, moto bado haujashika, moshi mwingi. Nikasema: "Bwana, nimekukasirikia. Vile viazi ungeweza kuvifikisha." Niliogopa baada ya kusema. Nilingoja kama mtoto aliyemjibu baba yake vibaya. Hakuna kilichotokea, ila nikajikuta naendelea, na nililosema baada ya hapo sikuwa nimelipanga: kwamba niliviona viazi havijakomaa nikapakia kwa tamaa, na kwamba mume wangu nimemdanganya.

Ukishamwambia Mungu jambo kama hilo, huwezi tena kulificha mezani. Ilinichukua siku nne. Nilimwambia baba watoto usiku, taa imezimwa, nikamtajia na friji na makochi. Hakupiga kelele. Aliondoka akaenda kukaa zizini hadi jogoo la kwanza. Wiki mbili tulisemezana habari za chumvi na ada za shule tu. Wiki ya tatu akamuuza mtamba wake, akaniwekea fedha mezani bila neno. Mpaka leo ng'ombe akizaa kwa jirani ananikumbusha kwamba wa kwake angekuwa na uzao wa tatu.

Tulikwenda wote wawili kwa wadai. Mmoja alikubali kusimamisha riba tukamlipa kidogo kidogo. Wa pili hakukubali. Alileta mkokoteni akachukua friji na makochi, majirani wakiangalia. Kikundi kiliniongezea muda, ila nilivuliwa uweka hazina, na walikuwa na haki.

Machi ya mwaka ule ule shule na vyuo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona, na wauza chipsi wengi wakapunguza kununua. Hata ningepata mtaji, viazi visingenitoa. Nikaenda kuchuma chai kwenye mashamba ya majirani, nalipwa kwa kilo. Jumamosi napeleka ndizi sokoni Uyole, Mbeya. Kuchuma chai kunaumiza kiuno, lakini kuna ukimya wake, na ndani ya ukimya ule ndimo nilimojifunza kuomba kwa kweli. Siku nyingine nilisema maneno matatu tu hadi jua linazama. Sikusikia sauti wala sikuota ndoto. Kuna majuma mazima niliomba nikiwa sina hakika kama kuna anayesikiliza, nikamwambia hilo nalo.

Dada mmoja tuliyekuwa tukienda naye mikesha alikuja kunishauri nitafute dhambi ya siri iliyofunga mlango. Nilimwambia dhambi yangu si ya siri tena, nenda kamuulize baba watoto. Baadaye nilisoma kitabu cha Ayubu nikaona wale rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na walikuwa watu wazuri kabisa mpaka walipofungua midomo.

Kitu nilichokuja kukigundua taratibu ni kwamba nilikuwa nimerudi kulala. Deni lilikuwa bado zaidi ya nusu. Simu nilikuwa naiacha imewashwa, na ikiita naipokea, nasema leo sina, Ijumaa nitakuwa na elfu ishirini. Kile kitabu cha neno la kila siku nilikisoma na kukiweka kando, nikaenda shambani bila kujali kimetoka nini. Habakuki anasema mtini usipochanua na zizi likiwa tupu, yeye atamfurahia Bwana. Sijafika huko kwa Habakuki. Zizi letu lilipungukiwa ng'ombe mmoja tu na kulikuwa na kelele za miaka miwili.

Malipo ya mwisho yalikuwa Oktoba 2021, miezi 20 tangu fuso ile iharibike. Zilikuwa zimebaki shilingi 38,000 za yule mdai aliyekubali kusimamisha riba. Nilikuwa shambani, tenga la chai mgongoni. Nikatuma kwa simu, nikasimama pale kwenye mstari wa michai, nikasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Bwana," yaani asante. Ujumbe ukaingia. Nilidhani ni wa kunishukuru.

"Mama, hujaweka ya kutolea."

Wakati ule tozo za miamala ya simu zilikuwa bado mpya, kila mtu alikuwa anazilalamikia. Nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa mstari wa pili akauliza kuna nini. Nikaongeza ya kutolea, nikaendelea kuchuma.