SQLite na kosa namba 21 wakati wa kuingiza mabadiliko: jinsi nilivyotatua

Mtunza ghala wetu wa asali kule Sikonge anaandika mapokezi kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Faili la mabadiliko huletwa kwa flashi hapa Tabora mjini, tunaliunganisha na kanzidata kuu ya SQLite, programu ya kuhifadhi data. Ghafla likagoma: kosa namba 21, na hakuna hata mstari mmoja ulioingia.

Kurekodi upya hakukusaidia, wala kubadilisha flashi.

Dawa ilikuwa kwenye kipande cha programu kinachoamua migongano, yaani pale mabadiliko yanapopingana na kilichomo kwenye kanzidata kuu. Kilijibu REPLACE (weka kipya mahali pa cha zamani) kwa kila kitu. Kumbe SQLite hukubali jibu hilo kwa aina mbili tu za migongano: DATA, mstari upo ila thamani za awali hazilingani, na CONFLICT, mstari mpya umekuta ufunguo wake wa msingi umeshatumika. Ukijibu hivyo kwenye NOTFOUND, yaani mstari wa kubadilishwa au kufutwa haupo, kazi yote inatenguliwa. Na hapa mjini ndoo moja iliyoandikwa mara mbili ilikuwa imefutwa!

Sasa kinaangalia aina kwanza. DATA inapata REPLACE. NOTFOUND inapata OMIT (ruka badiliko hilo), na namba ya ndoo inaandikwa pembeni ikaguliwe. CONFLICT nimeipa ABORT (simamisha na utengue yote), maana REPLACE ingefuta kimyakimya asali ya mfugaji nyuki mwingine. Faili lilelile likaingia, ukiacha tu ndoo ile iliyofutwa.