Siku ya tano ya kutokuja shule

Jumatano usiku mwalimu mgeni wa shule niliyofundisha zamani, kule Kondoa, alinitumia ujumbe wa sauti. Hajamaliza hata mwaka kazini. Mezani ana fomu za mahudhurio ya watoto wanaotoka kwenye kaya za walengwa, yaani kaya maskini zinazopewa hela na serikali, na kuna mvulana wa darasa la nne ambaye mwezi huu amekosa siku 7. "Dada," akaniuliza, "naijaza kama ilivyo, au nimwonee huruma?"

Nilishindwa kumjibu papo hapo. Nikamwambia anipe siku mbili, na hizo siku mbili ndizo zimenifanya niandike haya.

Kwa ambaye hajawahi kuziona hizo fomu: Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012 chini ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, na miaka mitatu baadaye ulikuwa umefika kwenye kaya zaidi ya milioni 1. Viwango vya mwanzo bado navikumbuka, maana nimeviandika ubaoni mara nyingi wazazi walipokuja kuuliza. Kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi za msingi. Kama ina mtoto aliye chini ya miaka 18, ilikuwa inaongezewa 4,000. Kila mtoto wa shule ya msingi 2,000, wa kidato cha kwanza hadi cha nne 4,000, wa cha tano na cha sita 6,000. Jumla ilikuwa haivuki 38,000, na malipo yalikuwa kila baada ya miezi miwili. Za msingi haziguswi. Zile za mwanafunzi zina sharti: mtoto ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo.

Hesabu yake ni rahisi. Mwezi ukiwa na siku 20 za masomo, mtoto akikosa siku 4 yuko salama. Ya 5 imemkata.

Kuna mtu atasema 2,000 ni hela gani hiyo. Mimi nimeona ilichokuwa inafanya. Dukani kijijini kwetu wakati huo daftari dogo lilikuwa shilingi 300. Kipande cha sabuni, kalamu, mafuta ya taa ya kujisomea jioni, sahani ya mahindi ya kuchangia uji. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi mpaka kidato cha nne haina ada wala michango ya lazima, na nawaambia ukweli, asubuhi ile ya kufungua shule nilisimama mlangoni nikaona watoto ambao miaka miwili walikuwa wakituchungulia kutoka nje ya uzio, sasa wameingia. Nililia. Lakini Waraka wa serikali unaweza kufuta ada na michango, hauwezi kumshonea mtoto sketi. Serikali ilikuwa inatuletea ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ilikuwa inabaki huko juu kwa ajili ya vitabu. Kinachobaki ni chaki na karatasi za mitihani. Kumvisha mtoto, kumlisha na kumtoa shambani ni juu ya nyumbani kwao.

Sasa nirudi mwaka 2017.

Nilikuwa na binti darasa la tano, mwepesi wa hesabu kuliko darasa zima. Aliishi na bibi yake na mdogo wake wa kiume aliyekuwa la pili. Baba hajulikani alipo, mama alikwenda mjini kutafuta kazi za ndani na taarifa zake zilikuwa zinakuja kwa kuruka ruka. Kaya yao ilikuwa kwenye mpango. Piga hesabu: 10,000, ongeza 4,000, ongeza 2,000 mara mbili. Ni 18,000 kwa mwezi, 36,000 kwa malipo mamoja.

Machi na Aprili yule binti akaanza kupotea. Leo yupo, kesho hayupo. Mwezi mmoja alikosa siku 9, uliofuata 7. Niliita jina, kimya, nikaweka alama. Niliita jina, kimya, nikaweka alama. Sikuuliza. Nilikuwa na watoto 94 kwenye chumba kimoja, na niliona kazi yangu ni kuhesabu waliopo. Fomu zilipokuja nikaketi kivulini nyuma ya ofisi nikahamisha tarakimu kutoka kwenye daftari la mahudhurio kwenda kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri, nikapeleka kwa mwalimu mkuu zikapigwa mhuri.

Zamu ya malipo iliyofuata, siku ileile ya kulipwa, bibi yake alikuja shuleni kwa miguu. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti, akakataa, akakaa kwenye kizingiti. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga. Kidole gumba bado kilikuwa na wino wa kutia sahihi. Alizitoa noti moja moja akaziweka juu ya kizingiti, akizinyoosha kwa kiganja, na kila moja akiisogeza karibu na uso kabisa kwa sababu macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Zilikuwa 32,000.

"Mwalimu mwanangu," akasema, "wewe unajua kusoma. Hii elfu nne imekwenda wapi?"

Alidhani ameibiwa njiani kati ya meza na meza, na alikuja kwangu kwa sababu ananiamini. Ilibidi nimwambie kwamba ni mimi. Kwamba mjukuu wake hakuwa anakuja shule, na mimi nimeandika.

Hakukasirika. Akaniuliza, "Na ndege je?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto. Machi na Aprili mtama unashika maziwa, na kwelea kwelea wanashuka. Wakitua kwenye shamba la ekari moja na nusu asubuhi, mpaka adhuhuri masuke yamebaki makapi. Lazima mtu awe juu ya dungu tangu alfajiri na kombeo mkononi, apige kelele, arushe udongo, mpaka jua lizame. Yeye macho hayaoni ndege. Mjukuu wa kiume ni mdogo, mkono hauna nguvu. Basi wakapanga: mdogo aende shule kila siku, mkubwa aende siku ambazo jirani anaweza kuamia ndege kwenye mashamba yote mawili. Walikuwa wameshafanya hesabu kuliko mimi. Kati ya elfu nne ya serikali na mtama wa mwaka mzima, nani angechagua vingine?

Ile 4,000 ilikuwa na kazi yake, akaniambia. Ilikuwa ya kitambaa cha sketi ya bluu. Binti alikuwa amerefuka, ya zamani ilimpanda juu ya magoti, na alikuwa ameanza kuona haya kusimama ubaoni. Mwezi wa tano na wa sita, ndege walipokwishaondoka, alikosa siku nyingine. Safari hii nilijua sababu, na sababu hiyo nilishiriki kuitengeneza.

Hiki ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Fomu haikukosea. Mtoto hakuja, nikaandika hakuja, ikakatwa inavyotakiwa. Kila mtu alifanya kazi yake sawasawa, na matokeo yake ni kwamba kaya iliyoingizwa kwenye mpango kwa sababu haina kitu ikapunguziwa, katika miezi ya njaa, kwa kosa la kulinda chakula.

Sisemi masharti hayana maana hata kidogo. Nimemwona baba aliyemtoa mwanawe machungani akamrudisha darasani kwa sababu ya hiyo 2,000, akaniomba nimwangalie asitoroke. Nilipokuwa nasoma shahada Chuo Kikuu Huria nikausoma utafiti uliofanyika Zomba, Malawi: wasichana wengine walipewa hela kwa sharti la kwenda shule, wengine bila sharti. Waliopewa sharti walidumu shuleni zaidi. Lakini mimba na ndoa za mapema zilipungua kwenye lile kundi lisilo na sharti, kwa sababu huko msichana aliyeacha shule hakunyang'anywa hela, na yeye ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote. Soma tena sentensi hiyo. Anayeacha shule ndiye anayehitaji kushikwa mkono, na sharti linamwachia hapohapo. Morocco nao, kwenye mpango wa Tayssir, walijaribu vijijini kuwapa wazazi hela na kuwaambia tu kwamba ni za elimu, bila kuzifunga kwenye mahudhurio. Watoto walibaki shuleni vizuri vilevile. Wazazi walishaelewa.

Kwa hiyo mimi, kama ningeulizwa na wapanga sera, ningesema siku ya tano isiwe siku ya kukata. Iwe siku ya mtu kwenda kubisha hodi. Takwimu tunazo. Hakuna idara nchini inayojua mapema kuliko mwalimu wa darasa kwamba nyumba fulani kuna mgonjwa, kuna njaa, kuna binti anaandaliwa posa. Inaonekana kwenye daftari la mahudhurio wiki mbili, tatu kabla mtu mwingine hajajua. Tunalitumia kupunguza hela wakati lingetufaa kama kengele.

Mwaka 2018 tulijaribu kitu. Sikukianzisha peke yangu, tulikaa na kamati ya shule, mtendaji wa kijiji na wazee wawili wa kitongoji. Mashamba yanayopakana yakawekwa pamoja, na watu wazima wakapangiwa zamu za kukaa madunguni, ili mtoto akose shule siku moja kwa wiki badala ya tatu. Ilikwenda vizuri wiki tatu. Baadaye zamu zikaanza kulegea, mmoja akasema la kwake liko mbali, mwingine akauguliwa. Hata hivyo mwezi ule mahudhurio ya darasa la sita hayakushuka kama mwaka uliotangulia, na yule binti alikosa siku 3 tu. Na mimi nikaanza kuwa na daftari la pili. La kwanza lina alama, la pili lina sababu. Mtoto asipokuja siku mbili mfululizo namwuliza jirani yake wa dawati. Watoto wanajua kila kitu.

Kuna jambo lingine lazima niliseme, na si rahisi kwangu. Miaka ya mwanzo, nilipotaka kuhakiki majina, nilikuwa nasema mbele ya darasa, "Watoto wa TASAF, simameni niwahesabu." Wanasimama, wenzao wanageuka kuwatazama. Siku moja orodha ilikuwa na watoto 12 na waliosimama walikuwa 11. Nikarudia. Mvulana mmoja dawati la nyuma akainamisha kichwa, akawa anaandika kitu ambacho hakipo. Hakusimama. Nilimsogelea nikaona anaandika jina lake, mara nyingi, ukurasa mzima. Sijawahi kuwasimamisha tena. Majina niliyahakiki kimya kimya, na kila mwalimu mgeni aliyekuja nilimwomba afanye hivyo. Hizo kaya zilishasomwa majina kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji ili zikubaliwe. Inamtosha mtoto kuusikia umaskini wa kwao ukitangazwa mara moja.

Yule binti alimaliza darasa la saba mwaka 2019 na akafaulu. Bibi yake alikuja tena shuleni siku hiyo, akiongozwa na mjukuu wa kiume, akaniletea mtama kwenye kisonzo. Nilipokea. Nilijua umelindwa na nani.

Basi jana usiku nikamjibu mwalimu. Nikamwandikia ajaze ukweli. Akijaza uongo, huyo mvulana atapona mwezi huu, lakini karatasi itasema kijiji kizima hakina tatizo, na hakuna atakayejua kwamba Machi kuna ndege. Ajaze siku 7. Ila kabla hajapeleka kwa mwalimu mkuu, aende kwao, aulize, na sababu aiandike kwa kalamu pembeni hata kama fomu haina nafasi yake. Aiandike pia kwenye nakala ya mtendaji. Na aende na kitabu cha hesabu.

Leo saa tano asubuhi amenitumia picha. Jumamosi, kwa hiyo hana kipindi. Yuko juu ya dungu, viatu mkononi, miguu inaning'inia. Mvulana yuko kando yake, kombeo shingoni, daftari limefunguliwa juu ya magoti. Nyuma yao mtama, masuke bado yamejaa.