Siku Niliyoanika Kabati

Mwishoni mwa msimu mmoja wa mvua, miaka kadhaa iliyopita, nilifungua kabati ninamohifadhi vifaa vya kazi zangu za mikono nikapokewa na harufu ya ukungu. Unyevu ulikuwa umepenya ubao wa nyuma, karatasi za kuchorea kwa rangi za maji zilikuwa zimejikunja pembe zote, na jalada la daftari nililolijalidi mwenyewe lilikuwa limeota madoa ya kijivu. Nilitandika mashuka mawili ya zamani uani, nikaanza kutoa kitu kimoja kimoja, kwa kuwa jua lilikuwa limechomoza asubuhi hiyo baada ya siku nyingi za mawingu.

Nilikuwa na nia nyingine, ambayo sikumwambia mtu. Nilikusudia kubakiza kazi moja tu na kugawa vifaa vya nyingine zote. Shangazi yangu, aliyekuwa akikaa nasi wakati huo, ni mshonaji ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha cherehani akashika kitu kingine, na mara nyingi alinikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilikuwa nimeshika kama nane. Sweta niliyoianza ilikuwa na mkono mmoja, na ilikuwa na mkono mmoja kwa mwaka wa tatu.

Kadiri nilivyozidi kutoa vitu ndivyo nilivyogundua kwamba kabati lilikuwa limejipanga lenyewe kwa misimu. Juu kabisa kulikuwa na nyuzi, sindano za kroshia na gundi ya kujalidia, kazi za siku za mvua ambazo mtu hukaa ndani akisikiliza bati likipigwa. Chini yake ilikuwa mikebe ya kiangazi: nili, pamoja na shabu inayosaidia rangi za mimea kushika kwenye nguo. Mkebe wa nili ulinichelewesha, kwa sababu nilikumbuka mara ya kwanza nilipotoa kitambaa kwenye ndoo ya rangi kikiwa cha kijani, nikadhani nimekosea vipimo, kisha hewa ikakigusa na kijani kikageuka buluu mbele ya macho yangu, kikianzia kwenye mikunjo ya juu. Sikuwahi kuwa mtiaji rangi hodari. Hata hivyo, dakika ile sijaisahau, na sidhani kama hodari huiona kwa mshangao ule. Chini kabisa lilikuwa bakuli la udongo lililopasuka kwenye kitako, kumbukumbu ya siku za joto kali nilipolianika upesi mno, ukingo ukakauka na kusinyaa kabla ya kitako.

Nilipofika kwenye mfuko mweusi wa plastiki niliufungua bila kufikiri, nikachomoa karatasi moja ya rangi ya manjano iliyoelekea kijani, na hapo hapo nikakumbuka ilikuwa nini. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepaka karatasi nne dawa ya sayanotaipu, nikizisubirishia jua ambalo halikuja. Hii ni njia ya kupiga picha bila kamera, iliyobuniwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1842; mwaka uliofuata Anna Atkins alianza kuitumia kutoa kitabu cha picha za mwani, akiulaza mwani wenyewe juu ya karatasi na kuliachia jua kazi ya kuchora. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa chumvi mbili zenye madini ya chuma, na mahali palipopigwa na mwanga hugeuka buluu isiyotoka kwa maji. Ile yangu ilikuwa tayari imeanza kubadilika mkononi.

Nilifunga mfuko haraka kuziokoa tatu zilizobaki. Kwa hii moja hapakuwa na muda wa kuchagua maua wala majani, kwa hiyo nilinyakua kilichokuwa karibu, kitambaa cha kroshia ambacho sikukimaliza, nikakitandaza juu ya karatasi na kukibana kwa kioo nilichokitoa kwenye fremu ya picha. Kisha nilichuchumaa kando nikitazama sehemu zilizo wazi zikipita kutoka kijani hadi buluu chafu, halafu kijivu kama cha jivu la mkaa. Baada ya robo saa niliichukua karatasi, nikaizamisha kwenye beseni la maji. Manjano yalitoka yakielea kama moshi, na chini yake kitambaa kikajitokeza cheupe, kila tundu na kila fundo la uzi, katikati ya buluu. Pembezoni rangi ilikuwa imefifia, maana dawa ilishaanza kuharibika kwa unyevu, lakini katikati palikuwa safi.

Shangazi alitoka ndani kuona ni kwa nini nilikuwa nimenyamaza muda mrefu kiasi kile. Aliinama juu ya beseni, mikono nyuma, akatazama kwa jicho lile lile analotumia kukagua pindo la nguo.

"Safu ya sita umeruka tundu," alisema.

Ilikuwa kweli. Kwenye uzi nilikuwa sijaliona kosa hilo miezi yote, ila kwenye karatasi lilionekana kama pengo la jino.

"Na hiyo kazi unaiitaje?"

Nilimweleza. Alisikiliza, akaniuliza kama rangi ile itatoka, nikamjibu kwamba haitoki kwa maji na kwamba itazidi kukolea kadiri inavyokauka. Nilingoja aitaje methali yake, nami nilikuwa nimekwisha kuandaa jibu, ambalo ni kwamba bila kroshia nisiyoimaliza picha ile isingekuwapo. Sikupata nafasi ya kulitoa.

"Zimebaki karatasi ngapi?" aliuliza.

"Tatu, Shangazi."

Aliingia ndani. Aliporudi alikuwa amebeba kola ya lesi aliyoibandua kwenye gauni lake la zamani, akaiweka juu ya kioo kwa uangalifu mkubwa na kuinyoosha kwa vidole viwili. Ilinibidi nimweleze kwamba inakaa chini ya kioo, si juu.