Chai ya saa nne

"Mama, hivi huyo 'binti mmoja' wako hana jina?"

Mwanangu aliniuliza jana tukiosha vyombo. Nilikuwa namsimulia baba yake mambo ya kazini, na nikisimulia mimi, kila mtu ni binti mmoja, mzee mmoja, kijiji kimoja. Nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Ilikuwa 2018, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 bado mpya, nasi wakufunzi tuna haraka ya kuwapima wasaidizi wa kisheria wanafunzi, watu wasio mawakili wanaojifunza kuwasaidia wenye shida za kisheria. Kukaa nao chumbani wakizungumza na mtoto tulikataa. Nani atafunguka mbele ya mtu mwenye fomu ya alama? Tukaamua kupima kwa ripoti. Jina la mtoto litolewe, iwekwe herufi. Basi, tukajiona tumemaliza.

Ripoti moja ilinikuna. Mwandishi wake alimsikiliza binti bila kumkatiza, akamfikisha kwa ofisa ustawi wa jamii, akafuatilia. Nikaisoma darasani iwe mfano: "Z., miaka 14, anaishi na bibi yake, muuza vitumbua karibu na kivuko..." (Herufi, umri, vitumbua, kivuko, vyote nimebadilisha. Angalau hilo nimejifunza.)

Mama wa chai alikuwa mlangoni anamimina. Mkono ukasimama, chupa imeinama, chai ya tangawizi ikafurika kikombe, ikajaa kisosi, ikatiririka mezani.

"Kha! Si mjukuu wa..." Akataja jina. Kisha akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Kimya. Nyuma kule mtu alikuwa anakoroga sukari, kijiko kikigonga kikombe, ti, ti, ti, hadi naye akashtuka akaacha. Yule mwanafunzi aliyeandika ripoti hakumtazama mama wa chai. Alinitazama mimi.

Jioni tulikwenda kwa bibi. Ya huko siyasemi.

Siku hizi tunapima kwa maigizo, na ripoti husomwa na mtathmini mmoja tu, kisha anairudisha. Nazo zimekauka: "Mteja alikuwa na changamoto, nikamsaidia." Hapo nampa mtu alama kwa lipi?

Fomu ya mwanafunzi yule ninayo akilini mpaka leo. Chini, penye maoni, pameandikwa: "Azingatie zaidi usiri wa mtoto." Mwandiko ni wangu. Fomu ya kumpima mkufunzi haikuwapo.