Futi ya mshoni na ghorofa saba za bondeni

Barua ya sheha ilinikuta nakata kanzu. Ilisema kuna mwekezaji anataka kujenga majumba manne ya ghorofa saba kwenye bonde la nyuma ya mtaa wetu, na wananchi tunaombwa kufika skuli Jumamosi kutoa maoni. Bonde lenyewe nalijua. Kuanzia Julai mpaka Februari ni uwanja wa mpira. Masika yakiingia ni ziwa, na usiku hatulali kwa vyura.

Tunakaa upande wa Fuoni, hapa Unguja. Tulipohamia 2003 minazi ilikuwa mingi kuliko mapaa. Leo hiyo minazi unaitafuta. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, ile ya 2022 ikahesabu 893,169. Hawa laki tatu hawakukaa hewani. Kila mtu alijenga pale alipopata kiwanja, juu au bondeni. Kwa hiyo sikuwa na ugomvi na ghorofa. Marehemu shangazi yangu aliishi Michenzani, ghorofa ya nne, na hakutaka kusikia habari ya kuhama. Alichokuwa akikilalamikia ni maji: hayakuwa yakipanda, na sisi watoto ndio tuliokuwa tukipandisha ndoo kwa ngazi. Tangu hapo mimi nikiona jumba refu, kwanza nauliza maji.

Mkutano wa kwanza tuliuharibu wenyewe. Mmoja alisimama akasema hatutaki wageni. Mwengine akasema wageni wakija viwanja vitapanda bei, basi waje. Wakashikana maneno mpaka adhana ya alasiri. Afisa wa mipango miji alikuwa amekaa karibu yangu, na katika saa mbili zile aliandika mstari mmoja tu, nikausoma kwa jicho la pembeni: "Wananchi wana wasiwasi." Basi. Nilirudi nyumbani nimeudhika, zaidi na sisi kuliko na yeye.

Jumatatu nikenda kuomba kuuona mchoro. Ofisi ile sitaitaja, ila niliambiwa "njoo kesho" mara tatu, na kila mara nauli ya daladala kwenda na kurudi. Mara ya nne nilikwenda na barua ya sheha yenye muhuri. Kijana wa pale akanitandazia karatasi mezani na kuniruhusu nipige picha kwa simu.

Mchoro nao ni kama patani ya nguo, ukijua mshono uko wapi unajua kitu kizima kitakaaje. Mtoto wa dada yangu anasomea ujenzi, akanielekeza ile mistari iliyopindapinda inayoonyesha miinuko. Kumbe jengo la tatu na la nne yamekaa pale pale vyura wanapolalia. Wangejaza kifusi wanyanyue ardhi yao. Halafu kulikuwa na mstari wa buluu, mtaro wa maji ya mvua, unaotoka kwenye majumba, unapita pembeni vizuri kabisa, unafika kwenye mpaka wa kiwanja na unaishia hapo. Upande wa pili wa mpaka ni uchochoro wetu.

Nikachukua futi yangu ya kushonea, ile ya kitambaa, nikaanza kupiga hodi. Nyumba ishirini na tatu. Kuta za chokaa haziongopi. Mafuriko ya masika ya 2017 yameacha alama ya rangi ya chai kwa karibu kila mtu, na wasiopaka rangi upya bado wanayo. Kwangu sentimita 41. Kwa jirani muuza samaki, 58. Kwa bibi mmoja wa mwisho wa uchochoro alama ilikuwa juu ya kitasa cha mlango, na yeye aliniambia, "Mwanangu, mimi sikupima, niliogelea." Kila alama nikaipiga picha futi ikiwa ukutani, nikaandika namba ya nyumba. Kuna waliokataa nisiingie wakidhani nawahesabia fidia. Nikawaacha.

Jengine lililonishtua ni shimo la maji taka. Kwenye mchoro lilikuwa upande wa kisima cha msikiti. Futi haikutosha, tukapima kwa kamba: hatua chache tu kutoka mpakani mpaka kisimani. Na Unguja maji yetu mengi yanatoka chini ya ardhi, ndani ya jiwe la matumbawe lenye matundu. Unachomwaga juu leo hakichelewi kufika chini. Majumba yale ni zaidi ya familia mia moja.

Mkutano wa pili nilimuomba sheha anipe nafasi kabla ya wenye sauti kubwa. Nikamuuliza mhandisi wa mwekezaji maji ya mvua yatakwenda wapi.

"Tutayaingiza kwenye mtaro wa barabarani, bibi."

"Mtaro upi, mwanangu?"

Akaangalia karatasi yake. "Huu hapa wa mbele."

"Mbele pana duka la mkaa na kibanda cha chapati. Mtaro hapana."

Watu wakacheka, na kwa kweli nilimuonea huruma, maana nadhani alichorewa na mtu ambaye hajawahi kufika. Nikampa afisa karatasi yangu moja: namba za nyumba, sentimita, picha. Hakuandika kuhusu wasiwasi safari hii. Aliuliza, "Hii ya 58 ni nyumba gani?" na wakatoka kwenda kuiona.

Nilichochelewa kukijua ni kwamba mradi mkubwa kama ule, kwa Sheria ya Mazingira ya Zanzibar ya 2015, hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari za mazingira, na maoni ya wakaazi ni sehemu yake. Ningeanzia huko ningeokoa viatu. Karatasi ile ile nikaipeleka na kwa watu wa mazingira.

Kibali kilitoka miezi mitano baadaye, kikiwa na masharti. Sehemu ya chini ya bonde isijazwe kifusi, ibaki kuwa bwawa la kupokea maji. Jengo la nne likaondoka. Maji taka yawe na mtambo wa kuyasafisha, na mbali na kisima. Mtaro ufikishwe kwenye mtaro mkuu kabla ya msingi kumwagwa. Tuliyoyakosa nayo yapo: tuliomba ghorofa nne, wakabaki na saba, na jua la asubuhi ninaloshonea litazibwa. Miembe miwili imeshakatwa. Jirani yangu muuza samaki ananiambia nimeuza mtaa, na wiki iliyofuata ananiletea baibui nimpunguzie.

Mtaro umeshachimbwa mpaka usawa wa duka la mkaa. Jana nimekwenda kuupima kwa kamba ile ile: zimebaki mita arobaini na mbili. Leo ni mwanzo wa Februari.