Relei kulia "tak" si dalili kwamba ni nzima

Injini ya gari inazima ikipata moto, ikipoa inawaka tena. Au stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki, na skana haisomi kompyuta kabisa. Kabla ya kuilaumu kompyuta, ambayo ni ghali na mara nyingi haina kosa, pima relei kuu (swichi inayoendeshwa na umeme) inayoipa umeme.

Kwenye relei nyingi za pini nne, 85 na 86 ni za koili (waya uliozungushwa unaovuta swichi ya ndani), 30 huingiza umeme, 87 huutoa. Ichomoe, pima 85 na 86: koili nzima kwa kawaida husoma omu 50 hadi 120. Isiposoma kitu, imekatika.

Wengi hudanganywa na ule mlio wa "tak". Unathibitisha koili tu, si pointi, yaani vyuma vinavyogusana kupitisha umeme. Pointi zilizoungua husoma vizuri bila mzigo, kisha hunyima umeme injini ikifanya kazi. Kwa hiyo pima relei ikiwa mahali pake, injini ikinguruma: waya mmoja wa multimita kwenye 30, mwingine 87. Ikizidi volti 0.2, badilisha.

Relei ikiwa nzima, angalia soketi. Pini 30 inatakiwa kuwa na volti za betri hata swichi ikiwa imezimwa. Plastiki iliyoyeyuka kidogo kuzunguka pini moja ina maana pini imelegea; relei mpya nayo itaungua hapo hapo. Kodi ya hitilafu P0685, skana ikiisoma, nayo huelekeza kwenye upande wa koili: waya uliokatika, au kompyuta haiunganishi koili na hasi.